Gitaa kavu kwenye prosesa: tunailaumu mashine bure

Chomeka gitaa kavu lenye pikapu (kile kidude kinachogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme) moja kwa moja kwenye mikisa, kung'uta nyuzi kwa nguvu, na mara nyingi utasikia kitu kama lastiki zilizofungwa kwenye kopo la Blue Band. Mwenye gitaa anajibana, ananunua prosesa ya kidijitali, mashine ya kurekebisha sauti ya gitaa, anachagua sauti ya gitaa kavu kwenye menyu. Lastiki inabaki lastiki, na lawama zinaiangukia mashine. Nimepigia kwaya na kukaa kwenye mikisa miaka ya kutosha kuyasikia maneno yafuatayo. Mengine niliyasema mwenyewe.

"Digitali haiwezi kutoa sauti ya mbao."

Hii ndiyo baba lao. Ukilisikiliza gitaa kavu sebuleni, husikii nyuzi peke yake. Unasikia ubao wa mbele ukitetemeka, na hewa ya ndani ya boksi ikivuma kupitia tundu, kwa gitaa kubwa la kawaida karibu na hezi 100. Maikrofoni inayapokea yote hayo yakiwa yameshachanganyika hewani. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Kongo, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952, alitumia maikrofoni, na masikio yetu yamelelewa na sauti ya namna hiyo.

Pikapu ya piezo, ile inayohisi msukumo na ndiyo ya kawaida kwenye gitaa kavu, haipo hewani. Imekaliwa na kile kijiti cheupe kinachobeba nyuzi, inapokea msukumo wa pale pale, na sehemu kubwa ya uvumi wa boksi inaipita pembeni. Kwa hiyo prosesa haikuiharibu mbao. Mbao haikufika kwenye waya.

Hapo ndipo faili za IR (impulse response, yaani alama ya mlio wa gitaa iliyohifadhiwa) zinapofaa. Mtu anarekodi gitaa moja kwa pikapu na maikrofoni kwa wakati mmoja, kompyuta inapiga hesabu ya tofauti, na prosesa inairudishia pikapu kile ilichokosa. Faili yenye sampuli 2048, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, ina urefu wa milisekunde 43 hivi. Ni kidogo mno, lakini boksi linarudi.

"Basi nikipakua IR ya gitaa la Martin, langu litalia kama Martin."

Hapana. Hesabu ile ilifanywa kati ya maikrofoni fulani na pikapu fulani. Ukiivisha pikapu nyingine ni kama kuvaa miwani ya jirani: pengine utaona, pengine kichwa kitauma. IR iliyotengenezwa kwa gitaa lako mwenyewe, hata kama ni la bei poa, kwa kawaida inaishinda ya kuazima. Wala usiimimine yote. Mimi huanza na nusu IR, nusu pikapu, kwa sababu ikijaa peke yake mpigo unapoteza makali katikati ya ngoma na kinanda. Na nyuzi zilizoshika kutu hakuna faili inayozifufua.

"Tafuta amplifaya nzuri humo ndani ya prosesa."

Hili limenigharimu ibada nzima ya Krismasi. Gitaa lilikuwa linasikika kama limefunikwa blanketi. Nikapandisha trebo, nikapandisha tena, fundi mitambo naye akapandisha upande wake, ikatoka sauti kali isiyo na mng'aro wowote. Baada ya ibada ndipo nikaona: kabineti ya gitaa la umeme, yaani mwigo wa boksi la spika ndani ya prosesa, ilikuwa imewashwa.

Spika ya inchi 12 ya gitaa la umeme huanguka ghafla ukishapita kilohezi 5 hivi, na prosesa inaiiga tabia hiyo kwa uaminifu. Kule juu ndiko kunakokaa mng'aro wa gitaa kavu na mkwaruzo wa kucha kwenye waya. Ukishakatwa, trebo haina cha kupandisha. Zima amplifaya, zima kabineti, peleka sauti kwenye spika za ukumbi, au hata amplifaya ya kinanda.

"Gitaa la umeme likiwekewa athari ya gitaa kavu, hakuna atakayejua."

Kwa kung'uta nyuma ya waimbaji, sawa. Likibaki peke yake, utajulikana. Pikapu ya sumaku, ambayo ndiyo ya gitaa la umeme, inaona chuma cha nyuzi tu, na noti za gitaa la umeme hudumu kuliko za gitaa kavu, ambazo hufa mapema. Kampuni ya Line 6 walipoleta Variax, gitaa la umeme linaloiga magitaa mengine, mwaka 2002 waliikwepa sumaku kabisa, wakaipa kila uzi piezo yake.

"Tundu lolote la kuingizia litafaa."

Piezo isiyo na priampu (kikuza sauti kidogo cha mwanzo) ndani ya gitaa inataka mlango wenye ukinzani wa megaomu 1 au zaidi. Ukiichomeka kwenye mlango wa kiloomu 10 wa mikisa, besi inayeyuka kabla prosesa haijaonja chochote.

"Sauti ni nyembamba, ongeza besi."

Nyumbani kwenye hedifoni itakuwa tamu. Ukumbini, spika zinalitikisa boksi, boksi linairudishia pikapu, na mvumo unaanza, mara nyingi jirani na hezi 100 au 200. Ziba tundu la boksi kwa kizibo cha mpira, kisha kata kijisehemu chembamba cha besi hapo hapo panapovuma, uache kwingine. Kwa gitaa langu ni hezi 104. Nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya prosesa, maana fundi mitambo hubadilika kila mwezi.