Nyakati za Kiingereza, usemi wa taarifa na "must have": dhana potofu na ukweli

Anayezungumza Kiswahili akikosea nyakati za Kiingereza, mara nyingi si kwa sababu hakukariri. Alikariri sana, ila alikariri jedwali: upande mmoja -na-, -li-, -me-, -ta-, upande wa pili "am doing", "did", "have done", "will do". Jedwali hilo humsaidia anayeanza. Baadaye humpotosha, tena pale pale anapojiamini zaidi.

Dhana: -me- ndiyo "have" au "has"

Katika "amefika" na "he has arrived" zinakutana vizuri. Lakini -me- hutaja pia hali iliyopo sasa hivi, na hali hiyo Kiingereza huisema kwa njia nyingine kabisa. Amelala ni "he is asleep". Amesimama ni "she is standing", nimechoka ni "I am tired", nimeelewa mara nyingi ni "I understand". Ukitaka kusema mtu amevaa koti ukaandika "she has worn a coat", msomaji ataelewa kwamba amewahi kulivaa, si kwamba analo mwilini. Sema "she is wearing a coat".

Mtego wa pili ni tarehe. Kwa Kiswahili "amefika jana" haimshtui mtu. Kwa Kiingereza "he has arrived yesterday" ni kosa, kwa sababu muundo huo haukai pamoja na wakati uliokwisha na kutajwa: yesterday, last week, in 2019, two days ago. Swali la "when" nalo ni hivyo hivyo, ndiyo maana tunauliza "When did you arrive?" wala si "When have you arrived?" Kipimo ni kipindi chenyewe. Kama hakijaisha, "have" inakubalika: "I have drunk three cups today." Kikiisha, haikubaliki: "I drank three cups yesterday."

Kisha jedwali linageuka upande wa pili. "Ninafanya kazi hapa tangu 2018" ina -na-, kwa hiyo wengi huandika "I am working here since 2018". Hilo huenda ndilo kosa sugu kuliko yote. Jambo lililoanza zamani na bado linaendelea hudai "have": "I have worked here since 2018" au "I have been working here since 2018". "Since" hufuatwa na pale lilipoanzia, "for" hufuatwa na urefu wa muda. Ukiandika "I worked here for five years", umeshamwambia msomaji kwamba uliacha kazi.

Kuhusu just, already na yet, walimu wengi husema lazima ziende na "have". Uingereza, hiyo ndiyo kawaida. Marekani "I already ate" na "Did he call yet?" ni Kiingereza safi. Kama mtihani wako unafuata matumizi ya Uingereza, andika "have" na usibishane na msahihishaji.

Dhana: wakati ujao ni "will"

Atakapofika nitamwambia: -ta- mbili, basi mwanafunzi anaandika "When he will arrive, I will tell him". Baada ya when, before, after, until, as soon as na if ya sharti, Kiingereza hutumia wakati uliopo: "When he arrives, I will tell him." Jambo lililokwisha kupangwa na mtu ni "I'm meeting her on Friday". Ratiba ni "The train leaves at six". "Will" hubaki kwa ahadi, utabiri na uamuzi wa papo hapo.

Kosa la ndugu yake liko kwenye -nge- na -ngali-. Sisi huziweka pande zote mbili za sentensi: ningalijua, nisingalikuja. Kiingereza cha kuandika huweka "would" upande mmoja tu, ule usio na "if": "If I had known, I wouldn't have come." "If I would have known" utaisikia midomoni mwa watu, hasa Marekani, lakini kwenye insha itakupunguzia alama.

Dhana: katika usemi wa taarifa, kila kitenzi hurudi nyuma hatua moja

Kwanza, kwa nini kurudi nyuma kunatusumbua? Kwa sababu Kiswahili hakirudi. Mtu alisema "naumwa", nasi tunasimulia "alisema anaumwa", kitenzi kimebaki na -na- yake. Kiingereza hukipeleka nyuma: "He said he was ill." Ukisoma sentensi hiyo kwa jicho la Kiswahili utadhani alisema "nilikuwa naumwa". Hapana, hiyo ingekuwa "He said he had been ill". Njia ya kujinasua ni kurudi kwenye kinywa cha msemaji. Andika kwanza maneno yake halisi, "I am ill" au "I was ill", ndipo ubadilishe.

Sasa, kurudi nyuma si amri ya kila mahali. Kitenzi cha kutaarifu kikiwa cha wakati uliopo, hakuna kinachobadilika: "She says she is busy." Jambo likiwa bado ni kweli, una hiari: "He told me he lives next door" ni sawa, na "lived" pia ni sawa. Lililokwisha kuwa "had gone" halina pa kurudi. Would, could, might, should na ought to hubaki zilivyo. Zinazobadilika ni will kuwa would, can kuwa could, may kuwa might. Must ya wajibu huwa had to, au hubaki must. Must ya kukisia hubaki must.

Maneno ya wakati nayo hayabadilishwi kwa jedwali. "Tomorrow" huwa "the next day" iwapo siku hiyo imepita. Kama mtu amesema asubuhi "I'll come tomorrow" nawe unataarifu jioni ile ile, kesho bado ni kesho: "He said he'd come tomorrow."

Swali likitaarifiwa, mpangilio wa swali hufa pamoja na alama yake ya kuuliza. "Where do you live?" inakuwa "He asked me where I lived", si "where did I live". Swali la ndiyo au hapana hupewa if au whether. Amri hupewa to: "She told us not to wait." Halafu kuna kosa dogo linalovuruga sentensi nzima, nalo ni "he said me". "Tell" humtaka anayeambiwa mara moja baada yake, kama kuambia. "Say" hukaa bila mtu, kama kusema, na ukitaka kumtaja unaongeza to.

Dhana: "must have" ni lazima ya wakati uliopita

Hii hupindua maana yote. "He must have paid" haisemi kwamba alilazimika kulipa. Inasema mimi ninaamini alilipa, kwa ushahidi nilio nao: atakuwa amelipa. Wajibu wa zamani ni "He had to pay". "He should have paid" ni alipaswa kulipa na hakulipa. Linganisha tatu hizo mpaka zikae, maana hapa ndipo barua za malalamiko huharibika: unadhani umemlaumu mtu, kumbe umemtetea.

"May have" na "might have" ni huenda. "Could have" ina nyuso mbili: "You could have helped me" ni ungeweza kunisaidia, ila hukunisaidia, "She could have missed the bus" ni huenda basi lilimwacha. Kinyume cha "must have" ya kukisia, Uingereza, ni "can't have": "He can't have heard me." Marekani husema pia "He must not have heard me". Na "needn't have" si sawa na "didn't need to". "I needn't have cooked" maana yake nilipika, kumbe bure. "I didn't need to cook" haisemi kama nilipika au la.

Kwa umbo, baada ya kitenzi kisaidizi ni "have" daima, hata kwa he na she. "She must has gone" haipo. Kinachofuata ni umbo la tatu: gone, si went. "Should of" ni tahajia mbaya tu, iliyozaliwa kwa sababu "should've" husikika hivyo. Wenyeji wa lugha huikosea kuliko wageni. Na sentensi za must have, should have, could have na might have zikitaarifiwa hazibadiliki.

Dhana: ukijaza nafasi nyingi utazoea

Zoezi lenye kichwa kinachotaja wakati wa kutumia hupima tahajia, halipimi uamuzi. Tafuta lenye nyakati zilizochanganywa, na kando ya kila jibu andika neno lililokuamulia: since, ago, yet, when. Kama hulioni, ulibahatisha.

Maumbo matatu ya vitenzi jifunze kwa makundi ya sauti: cut cut cut, buy bought bought, sing sang sung, come came come. Anza na vinavyotumika kila siku, maana be, have, do, say, go, get, make na know vyote havifuati kanuni ya -ed.

Kwa usemi wa taarifa, chukua mazungumzo ya mistari minane yenye walau swali moja na amri moja, yataarifu, yafiche ya awali, kisha siku inayofuata yarudishe kuwa usemi halisi. Kurudisha ndiko kunakofichua "was" iliyopaswa kuwa "had been". Kwa "must have" na wenzake, chagua tukio moja, tuseme mlango umekutwa wazi, uandike sentensi tano: uhakika, uwezekano, kutowezekana, lawama, na kazi iliyofanywa bure. Andika maana ya kila moja kwa Kiswahili. Mbili zikitoka na maana moja, mojawapo umeikosea.