Wakili ndani ya kampuni ya teknolojia: mwanafunzi afundishwe nini kabla hajaajiriwa

Mwanafunzi wa sheria nchini Kenya husomea shahada ya kwanza kwa miaka 4, kisha hupitia Kenya School of Law na kufanya kazi chini ya wakili mzoefu kwa miezi 6 kabla ya kuapishwa. Katika kipindi hicho chote, karibu kila swali analoulizwa huanza mambo yakiwa yameshaharibika: mkataba umevunjwa, kesi iko mahakamani, na maelezo ya tukio yamekwisha kupangwa katika aya mbili zilizonyooka. Wakili aliyeajiriwa na kampuni ya teknolojia huitwa mapema kuliko hapo, wakati ambapo hakuna aliyemwandikia maelezo yoyote, na inambidi ayatafute mwenyewe kwa wahandisi. Nimeifanya kazi hiyo kabla ya kuanza kufundisha, na msimamo wangu ni kwamba ustadi huo wa kuyatafuta maelezo unastahili saa nyingi darasani kuliko hata sheria zenyewe za teknolojia, ambazo mwanafunzi makini anaweza kuzisoma peke yake.

Tuchukue kifungu cha 43 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Data ya kibinafsi ikifikiwa na mtu asiyeruhusiwa, na pakawa na hatari halisi ya madhara kwa mwenye data hiyo, kampuni inayoidhibiti inapaswa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipofahamu. Na kampuni iliyopewa kazi ya kuichakata inapaswa kuijulisha kampuni hiyo inayoidhibiti bila kuchelewa na, inapowezekana, ndani ya saa 48. Hayo hukaririwa kwa dakika chache. Zoezi ninalowapa ni hili: ni Ijumaa jioni, na mhandisi ameandika kwamba nakala ya hifadhidata ya wateja “ilikuwa wazi”. Hakuna zaidi. Wengi hukimbilia kifungu na kuanza kuandika maoni ya kisheria, nami hukaa kimya mpaka waanze kuuliza.

Je, kuwa wazi kunamaanisha kwamba mtu angeweza kuingia, au kwamba kuna aliyeingia? Kumbukumbu za seva zinaonyesha nini, na huhifadhiwa kwa siku ngapi kabla hazijajifuta? Nambari za vitambulisho zilikuwa zimesimbwa, yaani zimegeuzwa zisisomeke bila ufunguo? Swali hili la mwisho lina uzito wake, kwa kuwa sheria inaweza kuiondolea kampuni wajibu wa kuwaarifu wateja mmoja mmoja ikiwa ulinzi kama huo ulikuwapo. Kisha linakuja swali ambalo daima huligawa darasa: ikiwa mhandisi wa ngazi ya chini aliliona tatizo Jumatano na hakumwambia mtu, saa 72 zinahesabiwa tangu lini? Huwaacha wabishane. Ninachotaka mwishoni ni nusu ukurasa kwa mkurugenzi mkuu, pamoja na rasimu ya taarifa kwa Kamishna inayotenganisha yaliyothibitishwa na yanayochunguzwa, kwa sababu sheria inaruhusu taarifa kukamilishwa kwa awamu. Anayeleta kurasa 12 hupata alama ndogo, hata kama kila mstari ni sahihi.

Zoezi la pili linahusu mikopo ya simu. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya mikopo ya kidijitali ya Mulla Pride faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu zilizopatikana kupitia wengine, na kuwaandama kwa simu na ujumbe wa vitisho. Darasani sisomi uamuzi huo kwanza. Tunafungua faili ya programu ya Android ya kubuni, mahali ambapo ruhusa zote hutajwa, na kuutafuta mstari unaoomba kusoma orodha ya majina yaliyo kwenye simu ya mteja. Ni mstari mmoja tu. Baada ya hapo tunaisoma sera ya faragha ya programu hiyohiyo na kuuliza kama mteja aliambiwa, na kama watu waliomo kwenye orodha yake, ambao hawajawahi kukopa hata shilingi, waliambiwa na nani. Mwanafunzi aliyeuona mstari ule kwa macho yake huwa hakubali tena kupitisha sera ya faragha bila kwanza kuketi na aliyeiunda programu.

Hakimiliki na leseni za programu huria nazipitia kwa haraka zaidi. Inatosha mwanafunzi aelewe kwamba leseni ya GPL, mojawapo ya leseni hizo, humtaka anayesambaza programu iliyo chini yake aitoe pamoja na msimbo wake, yaani maandishi ya waliyoiunda, na ajue kuuliza mapema ni vipande gani vya watu wengine vimetumika.

Lililo gumu kufundisha ni uhuru wa wakili mwenye mwajiri mmoja. Mteja wake ni kampuni, ilhali anayetaka jibu la “ndiyo” kabla ya Jumatatu ni meneja wa bidhaa, ambaye pengine ana sauti katika kupandishwa kwake cheo. Hili halifundishiki kwa kusoma kanuni za maadili peke yake. Kwa hiyo katika mtihani wa mdomo mimi hukaa upande wa meneja huyo, namsukuma mwanafunzi, na nampa alama kwa namna anavyokataa: kama ameeleza hatari kwa lugha ya biashara, kama amependekeza njia nyingine ya kuitoa bidhaa, na kama ameuweka ushauri wake katika maandishi.