Saa nzima bila kusema neno

Mwanamke anayeanika dagaa Mwaloni Kirumba hahitaji kuambiwa kwamba kusimama saa nzima juani ni kazi. Swali la vikundi vya akina mama hapa Mwanza, mada ya amani inapofika, huwa jingine: kusimama bila kusema kitu kunasaidia nini? Mimi hulijibu kwa kuanzia Yerusalemu, Januari 1988, mwezi mmoja hivi baada ya intifada ya kwanza, yaani uasi wa Wapalestina dhidi ya utawala wa Israeli, kuanza.

Wanawake wachache wa Kiisraeli, waliokuja kuitwa Women in Black (Wanawake Waliovaa Nyeusi), walichagua Uwanja wa Paris, makutano yenye magari mengi upande wa magharibi wa jiji. Kila Ijumaa, saa 7 mchana hadi saa 8. Muda huo watu wanawahi nyumbani kabla Sabato haijaingia, kwa hiyo hakuna haja ya kuita umati. Umati unapita wenyewe. Nguo nyeusi juu hadi chini. Mkononi bango jeusi lililokatwa umbo la kiganja, lenye maandishi meupe ya kutaka ukaliaji wa ardhi ya Wapalestina kwa mabavu ukome. Basi. Hakuna spika wala hotuba. Oktoba 1991 wanawake wa Belgrade, Yugoslavia, waliuchukua utaratibu huo huo kupinga vita ambavyo serikali yao wenyewe ilikuwa inaviendesha, na kusema kweli hilo ni gumu kuliko kupinga vita vya jirani.

Bango lenye kauli moja ndilo lililowashikanisha wale wa Yerusalemu. Kati yao walikuwamo waliotaka mataifa mawili na waliotaka taifa moja, waliokataa jeshi lolote na waliokataa tu jeshi kukalia ardhi ya watu. Wangeongeza kauli ya pili, wengine wangebaki nyumbani.

Matusi yalikuwa mengi. Waliitwa wasaliti, na waliitwa malaya. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo inayoeleza kwa nini walisimama kama wanawake: mwanaume anayepinga jeshi hutukanwa kwa msimamo wake, mwanamke hutukanwa kwa mwili wake. Kanuni ikawa kutojibu. Anayejibu anazaa ugomvi, ugomvi unaleta polisi, na jioni habari inakuwa ya ugomvi, bango limesahaulika.

Mbinu yenyewe ina bibi zake. Huko Afrika Kusini, kuanzia 1955, wanawake wazungu walivaa mshipi mweusi begani kuiombolezea katiba iliyokuwa ikivunjwa na serikali. Mjini Buenos Aires, Argentina, 1977, akina mama waliotafuta watoto wao waliopotezwa na serikali ya kijeshi waliambiwa na polisi kwamba kusimama kikundi ni marufuku. Wakaanza kutembea, wakizunguka mnara ulio katikati ya uwanja.

Na mbinu hii huharibika wapi? Mara nyingi ni kwa matumaini. Baada ya makubaliano ya Oslo ya 1993, kati ya Israeli na Wapalestina, wengi wa wale wa Israeli waliweka mabango chini, wakiamini jambo limekwisha, huku makazi ya walowezi yakiendelea kujengwa. Intifada ya pili ilipoanza 2000 ilibidi waanze kukusanyana upya. Kasoro nyingine ilionekana kwenye ushirikiano wa mashirika mawili, la wanawake wa Israeli na la wanawake wa Palestina, ulioanzishwa 1994. Kwenye karatasi walikuwa sawa, lakini Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi alihitaji kibali cha jeshi kuingia Yerusalemu mkutanoni. Ukikaa meza moja na mtu halafu usikitaje kibali chake, hayo si mazungumzo, ni chai. Ndiyo maana naliheshimu kundi la Machsom Watch, lililoanza 2001: wanawake wa Kiisraeli wanaokwenda kwa zamu kwenye vizuizi vya jeshi, wanatazama, wanaandika walichokiona na kukitangaza.

Kwa huku ziwani, usinakili kila kitu. Ijumaa saa 7 mchana Waislamu wako msikitini, kwa hiyo chagua siku nyingine. Nguo si tatizo, kaniki ipo. Watu watauliza nani amefariki, na swali hilo ndilo unalolitaka. Kipilefti yenye foleni inafaa kuliko uwanja mtupu. Maneno yasizidi manne, yasomeke kutoka kwenye daladala inayotembea. Ukisimama kwa ajili ya Migingo, kisiwa cha ziwani kinachogombaniwa, usiandike kisiwa ni cha Kenya au cha Uganda, maana hapo umeshagawa akina mama wenyewe. Andika “Wavuvi wasipigwe ziwani”. Sheria yetu inadai taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo saa 48 kabla, ikitaja mahali, muda na lengo. Beba nakala yenye mhuri. Mmoja tu aongee na polisi na waandishi, mwingine agawe vikaratasi. Watano wanatosha, mradi wiki ijayo wawe wale wale, palepale, saa ile ile, hata mvua ikinyesha.