Kovu halikandiki

Mama mmoja wa hapa Malindi alitolewa matiti yote mawili kwa kinga, baada ya kipimo kuonyesha ana kasoro ya jeni ya BRCA1, inayoongeza sana hatari ya saratani ya matiti, kisha akawekewa vipandikizi vya silikoni. Sasa cha kushoto kimekaza na kupanda juu. Nyumbani wakamwambia kikandwe: mafuta ya nazi na kitambaa cha maji moto, asubuhi na jioni. Alipofungua nguo nikaona lengelenge kubwa kama sarafu ya shilingi ishirini. Hakuwa na habari nalo. "Mbona siumwi, daktari?"

Huumwi, mama, kwa sababu titi lilipotolewa mishipa ya fahamu ya ngozi ilikatwa. Ngozi hiyo haijui moto.

Nimechoka kulisema hili. Mwili hukizungushia kila kipandikizi utando wa kovu. Kwa wengine utando hunywea, titi likawa gumu, likapinda, likauma. Ukishashupaa hivyo, ukandaji haufui dafu. Mtu hurudi kupasuliwa, utando unakatwa au kuondolewa, kipandikizi kinabadilishwa, na pengine kinahamishwa kutoka chini ya msuli kuja juu yake, ikiwa ngozi ni nene ya kutosha. Hata hapo kinaweza kukaza tena. Anayekuahidi kuwa hakitakaza, mkimbie. Na mvuta sigara mimi simshiki mpaka aache. Kidonda chake hakifungi vizuri.

Eti kila miaka kumi lazima kibadilishwe? Si tairi hiyo. Kisicho na shida huachwa. Ila si cha maisha pia: silikoni hupasuka kimyakimya, ndiyo maana FDA, mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani, hushauri kipimo cha MRI au ultrasaundi miaka 5 hadi 6 baada ya kuwekwa, kisha kila miaka 2 hadi 3.

Eti kurudi chumba cha upasuaji maana yake saratani imeingia? Hapana. Lakini matiti yakitolewa kwa kinga, hatari ya saratani hiyo hushuka kwa asilimia 90 au zaidi, haifiki sifuri. Ukigusa uvimbe, njoo.

Na kadi ya kipandikizi, jamani! Julai 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni vipandikizi vyake vya Biocell, vyenye ngozi ya kukwaruza, kwa sababu ya aina adimu ya limfoma, saratani ya chembe za kinga ya mwili. Asiye na kadi atajuaje amebeba kipi?

Lengelenge la yule mama limeanza kukauka. Kadi bado anaitafuta.