Kiu hutangulia njaa: baharia aliyebaki peke yake kisiwani

Kila nikiwauliza mabaharia wanaoanza mafunzo watafanya nini kwanza iwapo chombo kitazama na mawimbi yawatupe kwenye kisiwa kikavu, jibu ni lile lile: kutafuta chakula. Wengine huanza papo hapo kubishana kuhusu ndoana. Mtu mwenye afya hukaa wiki kadhaa bila kula. Bila maji, juani, siku tatu ni nyingi.

Kisiwa cha Ascension, Atlantiki ya Kusini, ni mawe na majivu ya volkano. Februari 1701 meli ya Mwingereza William Dampier, Roebuck, ilivuja ikazama hapo. Watu wake walitoka na matanga, wakayafanya mahema, wakatawanyika kusaka maji. Wakaipata chemchemi ng'ambo ya mlima, mbali na kambi. Walinusurika hadi meli zilipowachukua mwezi Aprili.

Mwaka 1725 Mholanzi Leendert Hasenbosch alishushwa kisiwani humo humo, peke yake, kama adhabu. Alikuwa na hema na pipa la maji. Pipa likaisha, maji aliyoyapata kwenye miamba nayo yakakauka. Mwishowe akanywa damu ya kasa na mkojo wake mwenyewe.

Hapa ndipo upweke unapoua. Wakiwa wengi, mmoja akipata maji wote wanakunywa. Aliye peke yake hulipa kila safari kwa jasho lake, na akirudi mikono mitupu jasho hilo harudishiwi. Kwa hiyo tembea alfajiri na jioni, mchana jifiche kivulini. Fuata mabonde na sehemu yenye majani, hata machache.

Maji ya bahari usiyaguse. Lita moja ina takriban gramu 35 za chumvi, na figo haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kali kiasi hicho. Ili kuiondoa, mwili hutumia maji mengi kuliko yale uliyokunywa. Damu na nyama nazo zina protini, na taka za protini hutoka kwa mkojo. Ndiyo maana huwa nawaambia: huna maji, usile samaki. (Hawapendi kusikia hivyo.)

Umande watu huudharau. Kabla jua halijachomoza, pitisha kitambaa safi juu ya mawe, kikishalowa kikamue mdomoni. Ni matone tu, lakini hujayatolea jasho. Mvua ikija, tandaza tanga au turubai, uache maji ya mwanzo yaoshe chumvi iliyogandia kitambaani, kisha onja ndipo ukinge.

Shajara ya Hasenbosch inakoma Oktoba 1725. Mabaharia wa Kiingereza waliotia nanga hapo Januari 1726 walikuta hema lake, vitu vyake na shajara hiyo. Mwenyewe hawakumwona.