Asteroidi Zenye Majina ya Nimfu: Shika Namba Kwanza

Amalthea zipo mbili angani. Ya kwanza ni asteroidi (mwamba wa angani unaozunguka Jua) aliyoigundua Robert Luther mjini Düsseldorf, Ujerumani, mwaka 1871, ikapewa jina la nimfu (roho wa kike wa mito, misitu au bahari) ambaye, katika ngano za Wagiriki, alimlea Zeus, mkuu wa miungu, kwa maziwa ya mbuzi. Mwaka 1892 Edward Barnard akaona mwezi wa tano wa sayari ya Mshtarii, nao ukaja kuitwa Amalthea. Asteroidi ina upana wa kilomita karibu 50 na hulizunguka Jua kwa takriban miaka 3 na miezi 8. Mwezi una urefu wa kilomita 250 hivi na huizunguka Mshtarii kwa saa 12 tu. Ukichukua vipimo vya kimoja ukavibandika kwa kingine, hesabu yote imeharibika.

Ndiyo maana wanafalaki huandika namba kabla ya jina: (113) Amalthea. Siku hizi namba hutolewa baada ya njia ya asteroidi kupimwa kwa uhakika wa kutosha, kisha mgunduzi hupewa miaka 10 apendekeze jina lisilozidi herufi 16, nafasi zikihesabiwa.

Kwenye Horizons, mfumo wa NASA wa kukokotoa mahali vilipo vitu vya angani, andika namba ikifuatwa na nukta mkato: "113;". Usiidharau alama hiyo. Humo mwezi Amalthea una namba 505. Ukiandika "505" utaupata mwezi; ukiandika "505;" utaletewa asteroidi nyingine kabisa, Cava.

Zamani mgongano huu uliwahi kukwepwa. James Ferguson alipogundua asteroidi ya 60 huko Washington mwaka 1860, iliitwa kwanza Titania. Mwezi wa Uranus ulikwisha kuwa na jina hilo, basi ikabadilishwa ikawa Echo, nimfu aliyebakiwa na sauti ya kurudia maneno ya wengine. Hadhari hiyo haikudumu: asteroidi iliyogunduliwa mwaka 1906 ndiyo (593) Titania hadi leo.

Tahajia nayo ina mtego wake. (17) Thetis, yenye jina la nimfu wa bahari aliyemzaa Achilles, si Tethys, mwezi wa Zohali wenye upana wa kilomita 1,062 hivi. Tazama kipimo: hata Ceres, kubwa kuliko zote katika ukanda wa asteroidi, ina kilomita 940 hivi. Ukikuta 1,062 mbele ya jina Thetis, ujue aliyeandika ameuchukua mwezi.