Msitu wa kelpu haupandwi kwa sherehe

Kila ninapoitwa kwenye kikao cha kuandaa tamasha la misitu ya kelpu, ule mwani mkubwa wa bahari za baridi, kuna swali moja ambalo halijawahi kukosekana. Wapiga mbizi wameshagawana zamu, wavuvi wameahidi mashua, walimu wana michoro ya watoto tayari. Kisha anasimama mtu mwenye nia njema kabisa: "Kilele cha siku si kiwe kupanda kelpu? Kila kikundi na miche yake?" Nimelijibu kwa mdomo hadi nimechoka, kwa hiyo leo naliandika.

Kelpu haina miche. Ni mwani wa kahawia, na msitu wake huanza na spora, chembe za uzazi zisizoonekana kwa macho. Spora ikitua juu ya mwamba ulio wazi, huota kiumbe kidogo cha kiume au cha kike ambacho bila hadubini hukioni. Kelpu tunayoijua, ile ndefu inayoyumba na mawimbi, huzaliwa baada ya hao wawili kurutubishana. Kuing'oa kelpu changa sehemu moja na kuifunga kwenye jiwe sehemu nyingine mbele ya kamera ni kupunguza msitu ulio hai ili tupate picha.

Najua zipo njia za kitaalamu. Watafiti wa Norwei wameotesha kelpu changa kwenye kokoto maabarani, kisha wakazimwaga baharini kutoka kwenye boti. Ni kazi nzuri, naiheshimu. Lakini hata hapo lazima uulize: kilichoua msitu wa kwanza kimeondoka?

Chukua kaskazini mwa California. Kuanzia 2013 ugonjwa uliwafyeka viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, wakiwemo wakubwa wanaowala nungunungu wa bahari, viumbe wa miiba ambao nao hula kelpu. Mwaka uliofuata bahari ikaanza kupata joto lisilo la kawaida. Nungunungu wa zambarau wakazaana bila wa kuwazuia, na katika miaka michache zaidi ya asilimia 90 ya kelpu ya pwani ile ikatoweka. Nungunungu hao hawahami chakula kikiisha. Hukaa palepale na njaa yao kwa miaka. Mpasue mmoja: mahali ambapo mayai yangejaa pana maji tu, na bado miiba yake inacheza mkononi mwako. Ukipanda kelpu changa kati yao, umewapelekea chakula.

Sasa linganisha na Sussex, Uingereza, ambako zaidi ya asilimia 95 ya kelpu imepotea tangu 1987, kwa dhoruba, kwa tope na kwa nyavu za kukokota zinazokwangua sakafu ya bahari. Wahifadhi, wapiga mbizi na wakazi walisukuma jambo moja: nyavu hizo ziondolewe karibu na pwani. Mwaka 2021 zikapigwa marufuku katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 300. Hawakuanza kwa kupanda. Walianza kwa kuondoa kinachoharibu, na kelpu inapewa muda wa kurudi yenyewe.

Ndiyo maana nasisitiza, hata nikionekana msumbufu: ile saa mliyotenga ya kupanda, itumieni kuandikisha watu wa kuhesabu. Kamba moja itandazwe chini ya maji, mahali palepale, kila msimu. Kandokando ya kamba hiyo kikundi kimoja kihesabu kelpu, kingine nungunungu, kingine kitunze daftari. Vikundi vinavyoshirikiana siku moja ya ngoma na kuachana hadi mwaka ujao havitajua kama msitu wao unakua au unakufa.

Kauli nyingine ninazozisikia kwenye vikao hivyo nitazipitia haraka.

"Kelpu hunyonya chakula kwa mizizi." Haina mizizi. Kile kinachofanana na mizizi ni kishikizo, kazi yake ni kung'ang'ania mwamba, na chakula huingia kupitia majani yenyewe. Ushauri wangu wa siku zote: okoteni kishikizo kilichotupwa ufukoni karibuni, kiwekeni kwenye ndoo ya maji ya bahari yaliyo baridi, watoto wakae nacho dakika tano. Kwanza watamwona kaa mdogo kama punje ya dengu, kisha minyoo, kisha kome wachanga. Hakuna bango litakalowafundisha zaidi ya hapo.

"Nungunungu wauawe wote." Hapana. Wao ni wenyeji wa msitu huo. Tatizo ni wingi wao baada ya wanaowala kutoweka.

"Kelpu itatuokoa na mabadiliko ya tabianchi." Hukua haraka kweli, kelpu kubwa ya Pasifiki huweza kurefuka nusu mita kwa siku hali ikiwa nzuri. Lakini kelpu husimama juu ya mwamba, kwa hiyo haina tope la kuzikia kaboni kama mikoko. Nyingi huliwa au huoza na kurudi majini. Inayobaki kwa muda mrefu ni ile inayochukuliwa na mikondo hadi kilindini. Msiandike ahadi hiyo kwenye fulana.

"Tusafishe ufuko kabla wageni hawajafika." Okoteni plastiki, tafadhali. Marundo ya kelpu yaacheni. Viroboto wa mchangani hula humo, ndege wa pwani huja kuwala hao viroboto, na mchanga hupata kinga dhidi ya upepo na mawimbi. Kama rundo liko mahali mlipotaka kuweka jukwaa, sogezeni jukwaa.